Bosi wangu hafungi mkanda siti ya nyuma: je, inanihusu?

SWALI: Mimi ni dereva wa ofisi moja hapa Dar es Salaam, huu ni mwaka wa saba. Bosi wangu hukaa siti ya nyuma kushoto na sijawahi kumwona akifunga mkanda. Juzi tukielekea Morogoro nilimwomba afunge, akanijibu, "Wewe endesha tu, huku nyuma hakuna trafiki." Nikanyamaza. Lakini na mimi nyumbani nina Noah. Mimi na mama watoto tunafunga mbele, watoto nyuma hawafungi, na yule mdogo kabisa mama yake humpakata. Je, huko nyuma kweli kuna haja? Na kwa nini watu, wasomi kwa wasiosoma, wanafunga mbele tu?

JIBU: Ndugu yangu, swali lako la mwisho bosi wako alishalijibu mwenyewe njiani. "Huku nyuma hakuna trafiki." Miaka yote niliyosimama kwenye makutano ya barabara nikihesabu nani kafunga na nani hajafunga, sijasikia maelezo mafupi na ya kweli kuliko hayo. Watu hufunga mkanda pale wanapoonekana. Kioo cha mbele ni kipana na hakina tinti, askari anaona kifua chako kabla hujamfikia. Vioo vya nyuma vina tinti, na hata visipokuwa nayo hakuna anayechungulia. Kwa hiyo ukichora ramani ya mikanda iliyofungwa ndani ya magari yetu, unachora ramani ya macho ya watu. Ramani ya hatari ni nyingine kabisa.

Kazi yenyewe ya kuhesabu ni rahisi, mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kuifanya. Unasimama mahali magari yanapopunguza mwendo, una karatasi yenye mistari: dereva, abiria wa mbele, wa nyuma, mwanamume au mwanamke, mtoto, saa ngapi. Baada ya saa mbili picha inaanza kujirudia. Dereva wa gari binafsi asubuhi, akienda kazini, mara nyingi amefunga. Aliyekaa naye mbele, mara nyingi kidogo kuliko yeye. Ukifika safu ya nyuma unaweza kujaza ukurasa mzima wa sifuri. Jua likizama mikanda inalegea. Anayekwenda mbali hufunga kuliko anayekwenda "hapo tu", na wanawake hufunga kuliko wanaume. Hilo la wanawake limeonekana karibu kila nchi ambako watu wamehesabu. Lakini lililonishika zaidi ni la watoto: gari ambalo dereva hajafunga, mtoto aliyemo naye karibu kila mara hajafunga. Mtoto hafuati tangazo la redio, anafuata bega la baba yake.

Halafu kuna ile michezo ya mita mia za mwisho. Gari linalotoka mbele linawasha taa kukuonya kwamba trafiki wapo, na ndani ya magari yanayokuja unaona mikono ikipanda mabegani kwa pamoja. Wengine hata hawaingizi ulimi kwenye kifungio. Wanauvuta mkanda, wanaubana kwa mkono juu ya paja, wanampita askari kwa uso wa upole, wanauachia. Mkono mmoja kwenye mkanda wa uongo, mwingine kwenye usukani. Inaniuma kila nikiona, kwa sababu kuubana kwa mkono kunachukua muda uleule wa kuufunga.

Usidhani ni ushamba wetu. Tazama Japani, kule ilikotoka Noah yako. Tangu Juni 2008 sheria yao inamtaka kila mtu ndani ya gari afunge, mbele na nyuma. Lakini pointi za leseni kwa abiria wa nyuma asiyefunga hukatwa kwenye barabara kuu za mwendo kasi tu. Matokeo yake? Chama chao cha wenye magari hushirikiana na polisi kuhesabu kila mwaka. Madereva wanaofunga ni kama asilimia 99. Abiria wa nyuma kwenye barabara kuu za mwendo kasi wanazidi asilimia 70. Abiria hao hao wa nyuma kwenye barabara za kawaida hawafiki nusu. Taifa lilelile, magari yaleyale, mikanda ileile. Kilichobadilika ni kama kuna wa kukuuliza au hakuna.

Sheria nazo kwa kawaida zilianzia mbele. Uingereza walilazimisha mkanda wa mbele Januari 1983, wakangoja mpaka 1989 kwa watoto wa nyuma na 1991 kwa watu wazima wa nyuma. Sheria yetu ya Usalama Barabarani, ambayo mizizi yake ni ya 1973, kwa miaka mingi imemtazama dereva na aliyekaa naye mbele, na wanaotaka iwaguse wote wamekuwa wakilisemea hilo bila kuchoka. Wenzetu Kenya walijaribu kuruka hatua: Februari 2004, kwa kanuni za waziri John Michuki, kila siti ya matatu ilitakiwa iwe na mkanda na kila abiria aufunge. Siku za mwanzo matatu nyingi hazikuonekana barabarani na watu wa Nairobi walitembea kwa miguu. Mikanda ikafungwa kweli. Macho yalipolegea, ikalegea nayo, na ikawa ile ya abiria kukabidhiwa utambi mchafu, yaani utepe mtupu wa mkanda, usio na kifungio akaambiwa aushikilie mpaka wapite kizuizi.

Hata mlio unaokusumbua ukiwasha gari ni jicho la namna yake. Katika magari mengi tunayoagiza, humlilia dereva, mengine humlilia na wa mbele. Nyuma kimya. Ulaya wamelazimisha mlio kwa siti zote hivi karibuni tu: kwa aina mpya za magari tangu 2019, na kwa magari mapya yote tangu 2021. Sisi tutayapata hayo magari yakishachakaa kwao. Na tayari maduka ya spea yanauza vile vijiti vya kuchomeka kwenye kifungio ili mlio unyamaze. Kama unacho kwenye gari, kitoe leo.

Sasa nije kwenye haja ya mkanda nyuma, na hapa naomba uvumilie hesabu kidogo.

Gari likienda kilomita 50 kwa saa linakata kama mita 14 kila sekunde. Likigonga kitu likasimama, wewe uliye ndani hujasimama. Unaendelea na mita zako 14 kwa sekunde mpaka ukutane na kitu cha kukuzuia. Kasi hiyo ni sawa na ya mtu aliyeanguka kutoka urefu wa mita 10, dirisha la ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 80 kwa saa, mwendo ambao mabasi yetu yanaruhusiwa, ni kuanguka mita 25. Hakuna anayekaa ukingoni mwa ghorofa ya tatu akasema yeye atajishika kwa mikono. Lakini kwenye gari ndivyo tunavyosema: "Likitokea la kutokea nitajizuia na siti ya mbele."

Mtu wa kilo 80, kwa mwendo huo wa 50, akisimamishwa na mgongo wa siti ndani ya umbali wa kama sentimita 33, anausukuma mgongo huo kwa nguvu inayozidi uzito wa tani mbili. Huo mgongo wa siti, ndugu yangu, ndio unaouegemea wewe.

Nakwambia jambo ambalo kwa miaka mingi nilikuwa nalieleza kwa kuzunguka. Nikiwa bado kijana kazini nilisafiri kikazi barabara ya Chalinze kwenda Segera. Nilikaa nyuma ya dereva, bila mkanda, nikisoma makaratasi. Ng'ombe wakaingia barabarani, dereva akawakwepa, gari likaacha lami na kugonga ukingo wa mtaro. Yeye alikuwa amefunga. Mimi nilikwenda mbele kwa magoti na bega nikampiga kwa nyuma pamoja na siti yake. Mimi nilitoka na michubuko. Yeye alivunjika mbavu. Alipotolewa, akiwa anavuta pumzi kwa shida, aliniangalia akasema, "Pole bosi." Mimi ndiye niliyekuwa nimemvunja, naye ananipa pole. Nilidhani zile mbavu zilivunjwa na usukani, mpaka daktari alipotuonyesha kwamba zilivunjikia nyuma.

Baadaye nikakutana na utafiti wa Masao Ichikawa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tokyo, uliotoka mwaka 2002. Walichambua ajali zaidi ya laki moja za Japani na kuuliza swali hilihili: abiria wa nyuma asiyefunga anamfanya nini aliye mbele aliyefunga? Wakakuta uwezekano wa aliye mbele kufa unapanda kama mara tano. Wamarekani waliochambua ajali za kwao miaka miwili baadaye walipata ongezeko dogo zaidi, kama asilimia 20. Namba zimetofautiana kwa sababu ajali na njia za kuhesabu zilitofautiana, na sitaki kukutisha kwa ile kubwa peke yake. Lakini zote zinaelekea upande mmoja. Mwili wa nyuma usiofungwa ni mzigo usiofungwa, na wewe dereva hukubali kubeba mtungi wa gesi uliolegea nyuma ya kichwa chako.

Utaniambia bosi wako hukaa kushoto, hayuko nyuma yako. Si kila ajali hunyooka. Gari huzunguka, hulala ubavu, hubiringika. Asiyefungwa huruka kwa upande wowote, na akirushwa nje kabisa nafasi yake ya kubaki hai inakuwa finyu mno. Yeye mwenyewe pia anapoteza kinga: Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa wa mbele kwa asilimia 45 hadi 50, na kwa wa nyuma hupunguza hatari ya kifo na majeraha makubwa kwa kama robo. Robo ni kitu kikubwa kwa kazi ya sekunde mbili.

Kwa hiyo jibu la kichwa cha barua yako ni ndiyo, inakuhusu. Hukuwa unamfundisha bosi wako adabu siku ile. Ulikuwa unaomba mgongo wako ulindwe.

Kuhusu namna ya kumwambia, najua ilivyo. Kwetu siti ya nyuma kushoto ni cheo. Mlango unafunguliwa, gazeti lipo, na mkanda unaonekana kama kitu cha watu wa mbele, cha wanaofanya kazi. Hata ugenini ni hivyo. Mwaka 2007 gavana wa jimbo la New Jersey, Marekani, Jon Corzine, alikuwa kwenye gari la serikali likiendeshwa na askari, kwa mwendo wa karibu kilomita 146 kwa saa. Hakuwa amefunga mkanda, ingawa alikaa mbele na sheria ya jimbo lake mwenyewe ilimtaka afunge. Gari liligongwa likaenda kwenye kingo za chuma. Akavunjika paja, mfupa wa kifua na mbavu nyingi. Askari aliyekuwa akiendesha, ambaye alifunga, alitoka na majeraha madogo. Corzine alipopata nafuu alilipa faini ya dola 46 kwa hiari yake, kisha akatokea kwenye tangazo la televisheni akiwaambia watu wafunge. Nampa heshima kwa hilo. Lakini huwa namfikiria zaidi yule askari, na sentensi moja ambayo ingehitaji kusemwa kabla gari halijaondoka.

Usiseme mkiwa mwendoni, wala mbele ya wageni wake. Sema gari likiwa limesimama, injini haijawaka, umegeuka kidogo: "Mheshimiwa, nakuomba ufunge mkanda. Tukipata dharura utanijia mgongoni na sitaweza kukusaidia." Usitaje trafiki wala faini, kwa sababu ukitaja trafiki atakujibu tena kwamba nyuma hawapo. Taja mgongo wako. Watu wengi wenye vyeo hawapendi kuamrishwa na dereva, lakini si wengi watakaokataa wakiambiwa wanaweza kumuua mtu. Kabla ya hapo, hakikisha mkanda wake uko juu ya siti, msafi, umevutwa ukaonekana. Shati jeupe likichafuka kwa mkanda wenye vumbi la mwaka mzima, umempa sababu. Ufute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni laini, uuache ukauke kivulini kabla haujajirudisha ndani. Ofisi ikiwa na utaratibu wa magari, mwombe msimamizi aandike mstari mmoja kwamba gari haliondoki mpaka wote wamefunga. Hapo utakuwa unasoma kanuni, humkemei mtu.

Sasa nyumbani kwako, ambako bosi ni wewe.

Mtoto anayepakatwa ndiye aliye hatarini kuliko wote ndani ya gari hilo. Najua upendo uliomo kwenye kumpakata, nami nimelelewa hivyo. Lakini mtoto wa kilo 10, kwenye mgongano wa kilomita 50 kwa saa, anavuta mikono ya mama yake kwa uzito unaozidi kilo 150. Gunia moja na nusu la mahindi, kwa ghafla. Hakuna mama awezaye. Na akiwa siti ya mbele, mfuko wa hewa hufumuka kwa muda mfupi kuliko kope kupepesa, na unampiga mtoto aliye kati yake na mama. Mfuko ule umetengenezwa kumpokea mtu mzima aliyezuiwa na mkanda. Wanaosema "gari langu lina mifuko ya hewa, mkanda wa nini" wamegeuza kazi yake.

Kiti cha mtoto ni ghali, silikatai hilo. Vilivyotumika vinapatikana, ila usinunue kilichowahi kuwa kwenye ajali au chenye ganda lililopasuka. Mchanga kabisa hutazama nyuma ya gari, na kiti hicho kisiwekwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mkubwa kidogo huinuliwa kwa kikalio, yaani kiti kidogo cha kumwinua juu ya siti, ili mkanda upite begani badala ya shingoni, mpaka afikie urefu wa kama sentimita 135 hadi 150. Usimpitishie mkanda kwapani kwa sababu unamkera shingoni. Nils Bohlin wa Volvo, aliyebuni mkanda wa pointi tatu mwaka 1959 baada ya kufanya kazi ya viti vya kuwarusha marubani, aliulenga kwenye mifupa inayoweza kubeba: nyonga na bega. Ukiupitisha tumboni au kwapani unaubebesha ini na mbavu laini. Kwa sababu hiyohiyo mjamzito anafunga, ila utambi wa chini unakaa chini kabisa ya tumbo, juu ya nyonga, na wa juu unapita kati ya matiti.

Kama kwa sasa hamna njia ya kumpatia mtoto huyo kiti, bado siti ya nyuma na mama yake pembeni, amefunga, ni afadhali kuliko mapajani mbele. Ni afadhali tu, si salama, na usafiri wa namna hiyo upunguze.

Kuna hofu ya kunaswa na mkanda gari likiwaka moto au likiingia majini. Ajali za moto na maji ni sehemu ndogo sana ya ajali zote, na hata ndani ya hizo anayetoka ni aliyebaki na fahamu, ambaye mara nyingi ni aliyefunga. Mahali ninapokubali mkanda ufunguliwe ni juu ya pantoni: gari likishasimama, fungueni, shusheni vioo, na abiria washuke.

Noah yako ina mikanda nyuma, nina hakika. Ilitoka nayo kiwandani. Tatizo ni kava za siti. Fundi akishazishona na kuzibana, vifungio vyote vya nyuma vinamezwa chini ya mito, na miaka inapita mwenye gari akiamini hana mikanda. Jumamosi hii inua mito ya siti, vitoe kimoja kimoja, toboa kava pale vinapotakiwa kutokea na umwambie fundi apinde kingo zisichanike. Siti ya katikati huenda ikawa na mkanda wa kiunoni tu. Watoto wenye vikalio wapangie pembeni, penye mkanda wa begani, kwa sababu kikalio kinahitaji utambi wa begani. Kisha vuta kila mkanda taratibu mpaka mwisho ukiangalia nyuzi kama zimechanika au kuungua, uachie ujirudishe, halafu uvute kwa kishindo. Ukikamata ghafla, ni mzima. Kulegea polepole na kukamata kwenye kishindo ndiyo kazi yake, wala haujaharibika kama wengi wanavyodhani. Usipokamata, au kama gari liliwahi kupata ajali kubwa, ubadilishwe. Na kifungio kilichojaa mchanga na maganda ya karanga kipulizwe kwa upepo gereji. Kikigoma, siti hiyo isikaliwe na mtoto mpaka upate kingine.